Bilingani la Kitambaa Chekundu

Mibilingani ya Tabia ilianza kuugua upande wa njiani, palepale anapoona kila mpita njia, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Ingelianzia nyuma karibu na choo, angeliificha aibu yake siku mbili tatu. Wapi! Ugonjwa ulichagua safu za mbele, zile alizozipalilia mpaka mgongo ukaota moto. Kwanza majani yalitoka vitone vyeupe, vidogo kuliko chembe za chumvi. Kisha yakaingia rangi ya kutu, kisha yakajikunja na kukaukia juu ya matawi.

Aligeuza jani moja akaona utando mwembamba mno chini yake. Mdudu hakumwona. Alisugua macho kwa pindo la kanga, akatazama tena, bado hakuona mdudu. Palikuwa na vumbi jekundu tu, nalo alipolipangusa lilimwachia doa kwenye kidole.

"Lo! Maskini mabilingani yako!" Aliyesema alikuwa Mwanapili, jirani wa shamba la pili, amesimama njiani na ndoo ya maji kichwani. "Na yalikuwa yametia fora Chukwani nzima. Jicho hili, shoga yangu. Jicho la mtu."

"La nani?"

"Mie ntajuaje? Mie napita zangu."

Lakini hakupita. Alishusha ndoo, akanyoosha shingo mpaka akaona nyuma ya jiko, kisha akaishusha sauti. "Na yale ya mavyaa wako, mbona mazima?"

Tabia aligeuka kutazama, kana kwamba hajawahi kuyaona. Nyuma ya jiko Bi Sichana, mama wa mumewe, alikuwa na safu zake chache za mabilingani ya kizamani, mbegu aliyokuja nayo kutoka Tumbatu siku alipohamia kwao. Mibilingani yenyewe haikuwa na sura. Mifupi, majani mazito yenye manyoya kama sikio la mbuzi, ukiyagusa mikono inakuwasha mpaka jioni. Matunda yake madogo, meupe yenye michirizi ya kijani, machungu usipoyaroweka kwenye chumvi. Mabilingani ya Tabia yalitokana na mbegu mpya ya bwana shamba: marefu, meusi ya zambarau, yanayong'aa, na majani yake laini ukiyapitishia kiganja. Sokoni Darajani yaligombaniwa. Sasa yale mazuri yanakufa, na yale yenye sura mbaya yamesimama pale nyuma ya jiko, hayana hata doa.

"Sijui," alisema Tabia.

Na kweli hakujua. Alichokijua ni kimoja tu, nacho kilimnyima usingizi. Bwana Jecha wa kamati ya ardhi alikwisha kuwaambia wote waliopewa mashamba kwamba kabla ya masika atapita kukagua, na atakayemkuta na shamba tupu, eka zake tatu atapewa mwengine. "Hatukugawa ardhi iwe uwanja wa mpira," alisema siku ile, na watu wakacheka. Tabia hakucheka. Tangu aolewe alikuwa akiishi Ng'ambo kwenye chumba cha kupanga, choo kimoja nyumba nzima, mwenye nyumba anakwambia hama leo kama anavyokwambia sogea. Hapa Chukwani ndipo mara ya kwanza alipotia msumari ukutani bila kuomba ruhusa.

Msabah, mumewe, alirudi jioni na baiskeli yake, saruji imemganda miguuni. Alikuwa kibarua kwenye majumba yanayojengwa Michenzani, na siku hizo akirudi huwa hana maneno. Tabia alimwekea maji ya kukoga, akamsubiri atoke, kisha akaanza.

"Safu ya tatu nayo imeingia."

"Bwana shamba umemwambia?"

"Nimemwambia. Abrahman kaja, katazama, kasema nimwagie maji. Nshamwagia mpaka kisima kinalia." Aligeukia nyuma ya jiko. "Mbona ya mama hayafi?"

Msabah aliacha kujifuta kichwa. "Unataka kusema nini?"

"Sisemi kitu. Nauliza."

"Basi usiulize."

Bi Sichana alikuwa jikoni, na ukuta wenyewe wa makuti. Haijulikani kama alisikia. Alitoka na sinia ya muhogo na mchuzi wa nazi, ndani yake yale mabilingani yake madogo yamekatwa vipande, akaiweka juu ya jamvi. Mchele mwaka ule ulikuwa wa foleni, na foleni yenyewe ukifika mbele unaambiwa umekwisha, kwa hiyo muhogo ndio uliokuwa ukiliwa nyumba nyingi. Tabia alichovya muhogo pembeni pembeni, vipande vya bilingani akavikwepa.

"Mbona huli, mwanangu? Chungu?"

"Nshashiba, Mama."

"Hujashiba. Una mawazo ya shamba." Bi Sichana alikuwa mtu wa sauti ya chini na maneno machache, uso wake haukunjuki wala haukunjiki. "Usihangaike. Mimi kuna jambo nnakufanyia. Ngoja kidogo tu, utaliona."

Mkono wa Tabia ulisimama juu ya sinia. Alimtazama mumewe. Msabah alikuwa akitazama muhogo.

Bilingani lenyewe aliliona mchana wa Jumamosi. Bi Sichana alikuwa amekwenda kwenye hitima nyumba ya tatu, na Tabia alikwenda nyuma ya jiko kumwaga majivu. Kwenye mbilingani wa katikati, chini ya majani, aliona bilingani moja kubwa kuliko mengine, limegeuka manjano. Kikonyo chake kilikuwa kimefungwa kitambaa chekundu, kipande cha kanga kuukuu, kimekazwa mafundo juu ya mafundo.

Ndoo ya majivu ilimtoka mkononi.

Sasa usimcheke. Tabia alizaliwa mjini, mtoto wa fundi cherehani, bilingani alilijua sokoni tu mpaka walipopewa shamba. Msabah naye aliondoka Tumbatu angali mdogo, akalelewa mjini kwa mjomba wake. Jembe alilishika ukubwani. Katika nyumba ile mtu mmoja tu ndiye aliyejua kulima, na huyo hakuwepo. Na kitambaa chekundu chenye mafundo, mtoto wa mjini ukikikuta kimefichwa chini ya majani, huwazi mazuri.

Alimvuta Msabah kwa mkono kutoka barazani alikokuwa amejilaza.

"Hebu ona. Ona mwenyewe, usije ukasema namzulia mtu."

Msabah alichutama. Alitazama kwa muda mrefu bila ya kugusa. "Nini hii?"

"Kamuulize mamako."

"Nikamuulize mama yangu mzazi kama yeye mchawi? Kwa mdomo gani, Tabia? Huu nnaolia muhogo wake?"

"Basi nitamuuliza mimi."

"Thubutu!" alisema Msabah, akainuka. Kisha sauti ikamlegea. "Usimuulize. Nakuomba. Neno kama hili likishatoka halirudi. Atakwenda kufa nalo."

Wakasimama pale mume na mke, kila mmoja akitaka mwenziwe ndiye asiamini. Msabah alisema labda ni alama tu. Tabia akasema alama ya nini? Msabah hakujua. Tabia akamkumbusha maneno ya juu ya sinia, kuna jambo nnakufanyia, ngoja utaliona. Msabah akasema mama alisema kwa wema. Tabia akasema wema gani unafichwa chini ya majani? Mwisho Msabah alipangusa uso kwa viganja vyote viwili, akasema fanya utakalo, na akarudi barazani. Hakulala tena. Alikaa ameelekea barabarani.

Tabia alilichuma bilingani kwa kijiti, hakuligusa kwa mkono. Alilitia kwenye moto wa makumbi ya nazi pamoja na kitambaa chake, akasimama mbali kidogo anasoma Ayatul Kursi. Bilingani likafoka, likapasuka, na mbegu zikaanza kulia ta-ta-ta ndani ya moto. Tabia aliruka nyuma na kupiga kelele. Alivyoona yeye, hakuhitaji ushahidi mwengine.

Bi Sichana hakuambiwa kitu. Hivyo ndivyo tulivyo watu wa kisiwa hiki. Tukimfukuza mtu tunamfungia na chakula cha njiani. Msabah alimwendea mamake baada ya sala ya asubuhi, akachutama mbele yake, akasema amepata salamu kwamba dada yake Shemsa, aliyeolewa Tumbatu, ni mzito na miguu inamvimba, anahitaji mtu wa kumtazama. Yalikuwa ya uongo hayo. Alisema huku anang'oa uzi wa jamvi.

"Shemsa?" aliuliza Bi Sichana.

"Naam, Mama."

"Nani kaleta salamu?"

"Watu wa Darajani. Wauza pweza."

Bi Sichana alimtazama mwanawe muda wa kutosha mtu kumeza mate mara kadhaa. "Haya," alisema. "Kama Shemsa ananitaka, ntakwenda."

Tabia alimpikia mkate wa kumimina, akautia kwenye kikapu pamoja na sabuni na kanga moja aliyokuwa hajaivaa. Alitaka aondoke kwa heshima. Kila alichokitia kikapuni kilimwongezea uzito moyoni badala ya kumpunguzia, naye hakuelewa kwa nini, maana aliamini kwamba anaiokoa nyumba yake.

Bi Sichana alivaa buibui, kisha akasema anakwenda kuaga vitu vyake. Akapita nyuma ya jiko. Walimsikia akitembea kati ya safu, kisha hawakumsikia. Aliporudi alisimama mlangoni.

"Palikuwa na bilingani moja pale, nimelifunga kitambaa. Nani kalichuma?"

Msabah aliinama kukaza kikapu kwenye baiskeli, na kikapu kilikwisha kukazwa. Tabia aliona macho ya mavyaa wake yamemkalia yeye. Alikuwa hakutegemea kuulizwa. Mchawi gani anayeulizia uchawi wake mchana kweupe? Ulimi ukasema wenyewe.

"Kuku."

"Kuku," alirudia Bi Sichana.

Aligeuza uso polepole kulitazama banda la kuku. Mlango wake ulikuwa unaning'inia na bawaba moja, ndani hamna hata unyoya. Kuku wa nyumba ile walikufa wote kwa mdondo tangu vuli, na aliyewazika ni yeye mwenyewe Bi Sichana.

"Haya," alisema. "Kuku siku hizi wana njaa."

Akampa Tabia mkono, Tabia akaubusu, na Msabah akamsindikiza mpaka kwenye gari za Mkokotoni, iliko bandari ya kuvukia Tumbatu.

Mtu ungedhani sasa mabilingani yatapona. Hayakupona. Kiangazi kilizidi, vumbi la barabarani likazidi, na safu za mbele zikaisha kabisa, zikafuata za kati. Tabia alimwagia maji asubuhi, alimwagia jioni. Alikwenda na udi akafukiza. Majani yakadondoka na moshi wa udi ungali juu yake.

Akawaza kwamba yule mama kaondoka, lakini alichokitenda kimebaki kwenye yale mabilingani yake. Basi akachukua kumbi na majivu, kama anayesugua masufuria, akaiendea safu iliyo karibu na jiko, akawa anasugua jani moja moja, juu na chini, huku anasoma. Yale manyoya yalitoka chini ya kumbi kama ukungu, majani yakabaki tupu yanang'aa. Aliridhika nayo. Alisugua safu nzima. Usiku na kesho yake mikono ilimwasha mpaka akajikuna damu, akashindwa kuendelea na safu nyengine.

Baada ya muda si mrefu alikwenda kuchota majivu akakuta vitone vyeupe kwenye safu ile aliyoisugua. Safu ile tu. Safu za pembeni yake, zenye manyoya yake machafu, zimesimama vilevile.

Tabia alikaa chini pale pale kwenye vumbi.

Mchawi yuko Tumbatu. Kitambaa kimeungua. Aya za Mungu zimesomwa juu ya kila jani. Na kilichokufa ni kile alichokisafisha kwa mkono wake. Sasa iweje? Je, alizisoma vibaya? Au mwenye jicho ni yeye? Aliwahi kusikia kwamba mtu anaweza kuwa na jicho baya bila mwenyewe kujua, akakiua kitu kwa kukipenda. Aliitazama mikono yake iliyojaa magamba ya kujikuna, akaificha chini ya kanga.

Alikwenda kwa Mwanapili, apate wa kumwambia. Alimkuta anang'oa mibilingani yake na kuitupa kwenye kifusi, majani yote rangi ya kutu.

"Na yako?" aliuliza Tabia.

"Na yangu."

"Jicho la nani, shoga?"

Mwanapili alipiga mche chini kutoa udongo. "Mimi nilisema neno tu," alisema kwa hasira. "Kwani mimi nilikwambia umfukuze mtu?"

Kamati ilipita Ijumaa, baada ya sala, watu wote wakiwa nje na kanzu zao. Bwana Jecha alikuwa mbele, mfupi, kofia imekaa sawasawa, na nyuma yake Abrahman bwana shamba na mkoba wake. Watu wa njiani walisimama kutazama. Waliona shamba la Mwanapili, wakasonga mbele. Walipofika kwa Tabia, Bwana Jecha hakuingia. Alishika mbilingani wa kwanza pembeni mwa njia, akauvuta, nao ukavunjika kwa mlio.

"Hii nini, Bwana Msabah?"

"Mabilingani, Mwenyekiti."

"Hizi kuni," alisema Bwana Jecha, na akakigeuza kijiti kwa watu wa njiani wakione. Mtu mmoja akacheka. Msabah alitazama viatu vyake. Tabia alitamani ardhi impasukie. "Mnapewa eka tatu, mnalima kuni?"

"Ngoja, Mwenyekiti," alisema Abrahman. Alikuwa kijana bado, na mbegu zile mpya ndiye aliyezigawa, kwa hiyo aibu ya siku ile ilikuwa yake pia, na uso wake ulionyesha. Alichuma jani, akatoa kioo cha kukuzia kwenye mkoba, akalitazama sana. "Utitiri huu."

"Hatuna kuku, bwana shamba," alisema Tabia haraka. "Wamekufa wote na mdondo tangu vuli."

Akajisikia alichokisema. Msabah aliinua kichwa akamtazama, kisha akakiinamisha tena.

"Si ule wa kuku, Bi Tabia. Huu unakaa kwenye majani. Mdogo hata kwa macho huuoni, unafyonza maji ya jani mpaka linakauka. Jua na vumbi ndiyo starehe yake." Alitupa macho akaona nyuma ya jiko. "Na ile pale ya nani?"

"Ya humu nyumbani," alisema Tabia.

Wakapita wote nyuma. Abrahman alichuma jani lenye manyoya, akalitia chini ya kioo. Kisha akachuma la safu iliyosuguliwa. Akarudi kwenye la kwanza.

"Ajabu. Mbegu moja hii?"

"Moja."

"Mbona safu hii majani hayana manyoya?"

"Niliyasugua," alisema Tabia kwa sauti ndogo. "Kwa kumbi na majivu."

"Kwa nini?"

Kwa bahati njema Abrahman hakungoja jibu. Alimwita asogee, akampa kioo. Tabia alitia jicho. Jani lilikuwa limegeuka msitu. Kila unyoya ulikuwa na matawi yake, umetanuka kama nyota, na nyota zimebanana hata jani lenyewe halionekani. Juu yake palikuwa na kitu chekundu kidogo chenye miguu, kimekwama, kinapapatika.

"Unamwona? Hawezi kufika kwenye jani. Hawezi kula, hapati pa kutagia mayai. Kwenye yale yangu ya laini anatembea kama yuko sakafuni kwake. Na hii uliyoisugua, umemfagilia njia." Abrahman alijikuna shingo. "Wallahi mimi mwenyewe sikujua. Nilikuwa nikiwaambia watu wayang'oe haya, yanawasha bure."

Tabia hakukitoa kioo jichoni. Alikuwa hatazami tena, ila alihofia akikitoa wataona machozi.

Bwana Jecha alikuwa amechoka na manyoya. "Sasa shamba linalimika au halilimiki?"

"Linalimika, Mwenyekiti. Wapande hii shamba zima. Mbegu ipo?" Abrahman alipita kati ya safu, akainama chini ya majani. "Wale watu wa zamani huwa wanaliacha moja liive mpaka liwe manjano, na wanalifunga kitambaa ili mtu asije akasahau akalichuma. La kwenu liko wapi?"

Macho ya Msabah yalikwenda kwenye mbilingani wa katikati. Matunda mengine yote Tabia alikuwa ameyachuma yangali machanga, maana njaa ilipoizidi hofu ndiyo yaliyobaki ya kula. Alisimama na kioo cha watu mkononi, na masikioni akasikia zile mbegu zinalia ndani ya moto.

"Mvua ya kwanza ikinyesha nitarudi," alisema Bwana Jecha. "Nikikuta miche ya hii, shamba lenu. Nisipoikuta, wako watu wengi mjini wanaomba."

Yaliyofika baada ya hapo ni mawingu, yakiwahi kuliko Bwana Jecha. Kila asubuhi yalijikusanya upande wa kusini, na kila asubuhi Tabia alitoka kuyatazama na kuyaombea yangoje. Alizunguka majirani, aliuliza mpaka Darajani kwa wauza mboga. Mbegu ile hakuna aliyekuwa nayo. Wote walikuwa na ya laini. Msabah alisema itabidi wende Tumbatu. Alilisema asubuhi, akalisema jioni, lakini hakwenda, na Tabia hakumhimiza. Wangefika pale waseme nini?

Kisha akaja Jaku. Alikuwa muuza pweza wa Tumbatu, mtu wa maneno mengi, akipita na kapu lake kwenda mjini. Alipiga hodi kwa sauti ya kuamsha mtaa.

"Karibu," alisema Tabia.

"Sikai. Nina mzigo wako kutoka kwa Bi Sichana. Kaniapisha nikupe wewe mkononi, si mumeo." Alizamisha mkono ndani ya kapu, akatoa kifurushi kidogo.

Kilikuwa kitambaa chekundu, kipande cha kanga ileile, kimekazwa mafundo juu ya mafundo. Tabia alikipokea. Safari hii hakutafuta kijiti. Alikifungua kwa kucha na meno, na ndani zikatoka mbegu, ndogo, za manjano, kavu, zimejaa kiganja.

"Kasema nini?"

"Kasema ile aliyokuwekea wewe imepotea, kwa hivyo hii kaiomba kwa watu, nyumba kwa nyumba. Kasema uziroweke kwanza usiku mmoja." Jaku alikuna kidevu, akikumbuka. "Na kasema, mwambie Tabia yule kuku wake amfunge."

Tabia alikaa juu ya kizingiti.

"Alipokuwa akisema," aliuliza, "alicheka?"

"Nani, Bi Sichana? Yule akicheka na akikasirika uso mmoja." Jaku alikwisha kuanza kuchungulia uwani. "Kuku mwenyewe yuko wapi? Kama mkorofi niuzieni mimi, nnatafuta wa kuchinja."

Jaku akangoja, akaona hapati kuku wala maji, akajitwika kapu lake akaenda zake.

Msabah aliporudi jioni alimkuta mkewe amekaa tena pale, kiganja kimefumbwa. Alipozionyeshwa mbegu alipiga goti, akazigusa kwa kidole. "Alhamdulillahi! Tumepona, Tabia. Eka zetu zimepona. Ziroweke leoleo."

"Nshaziroweka nusu."

"Kwa nini nusu?"

"Nusu nyengine namrejeshea. Naye ana mahali pa kupanda." Alizisogeza mbegu kwa kidole. "Msabah, alikuwa anajua tangu siku ile. Alikuwa anajua, akanipa mkono nikaubusu. Sasa hizi kanisamehe au kanitukana? Tangu mchana nafikiri, sipati."

Msabah aliketi kando yake kizingitini.

"Kesho nakwenda Tumbatu," alisema Tabia.

"Ngoja Ijumaa, nitakwenda mimi. Mama ni wangu."

"Wewe ulimwambia kwamba Shemsa miguu inamvimba. Yako utakwenda kuyasema mwenyewe. Mimi nnakwenda na yangu."

Mumewe alimtazama, uso wote swali. "Ukamwambie nini?"

Tabia alizifunga zile mbegu zilizobaki kwenye kitambaa chekundu, akakaza fundo.

"Kwamba hatuna kuku."